Mkeka Usiolala

Mkeka wetu haulali. Ukiutandika sakafuni, katikati unatulia vizuri kama mkeka wa watu wenye akili zao. Ukisogea nje kidogo unaanza kuinuka, unafanya kibiongo, utadhani paka amejificha chini yake. Ukikanyaga kibiongo hapa kishuke, kinatokea kule. Wajukuu wangu wanaucheka. Wadogo wanapanda juu yake na kuteleza, wakubwa wanaupiga picha na simu zao. Wacheke tu, ni wa kwao. Mimi ndiye nisiyeweza kuucheka.

Tuliusuka watu wawili, mimi na mwenzangu, kwa miaka mingi. Mtoto aliyezaliwa tulipoanza sasa ananyoa ndevu.

Mimi ni Muha wa Mwandiga. Niliolewa Ujiji nikiwa na darasa la nne kichwani na jembe mkononi. Mwenzangu babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo, lakini yeye kazaliwa Ujiji, na ukimwambia Mkongo anakutukana kwa Kiswahili safi. Nyumba zetu ziliegemeana ukuta. Akikohoa nasikia, nikigombana na mume wangu yeye anagonga ukuta kwa mwiko: "Punguzeni sauti, mboga yangu inaungua kwa kuwasikiliza!"

Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka ukindu. Siku za mwanzo alinitesa. Ukindu ukikauka unakata vidole kama wembe, lazima uuloweshe, na mimi nilikuwa nauvuta kama navuta mbuzi sokoni.

"Legeza mkono, we Muha! Unasuka au unanyonga kuku?"

"Na wewe kaza," namwambia, "ukili wako unapitisha mpaka dagaa."

Ukili ndio ule utepe mrefu unaosukwa kwanza, wetu ulikuwa upana wa vidole vinne. Ukishakuwa mrefu wa kutosha ndipo unashonwa, ubavu kwa ubavu, kwa shazia, ile sindano nene, mpaka unakuwa mkeka. Kusuka kunachukua muda. Kushona ni kazi ya siku chache tu. Shikeni hapo, maana ndipo tulipoumia.

Mjukuu wake wa kwanza na wangu wa kwanza walikuja mwezi mmoja. Wangu alitangulia, ingawa yeye mpaka leo anabisha. Tulikuwa uani kwangu, tunakunywa chai ya rangi, kila mmoja na kichanga chake mapajani, tunawalinganisha. Nilisema wangu ana paji la uso la watu wenye maamuzi. Akasema wake ana paji la kawaida kwa sababu akili zimejaa ndani, hazina haja ya kusukuma mfupa nje. Tulicheka mpaka watoto wakaamka. Halafu mwenzangu akaniuliza hawa watoto tutawaachia nini. Kanga zinachanika, sufuria zinatoboka, nyumba zenyewe za udongo.

"Tuwasukie mkeka," akasema. "Mmoja. Mkubwa. Wakae wote, wa kwako na wa kwangu, siku ya Idi, sahani moja."

Tukaamua uwe wa duara, ili pasiwe na mtoto wa pembeni. Mkeka wa duara una uzuri mwingine: unaanza katikati unazunguka kwenda nje, mtoto akizaliwa unaongeza, akizaliwa mwingine unaongeza. Kila mtoto tukampa rangi yake. Utaratibu tukauweka hivi. Mjukuu wangu akizaliwa, anayefungua rangi ni yeye, mwenzangu. Anasuka pima moja, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, anaacha chane, vile vipande vyembamba vya ukindu, wazi bila kufunga ncha, mimi napokea pale alipoishia nasuka pima nyingine. Wake akizaliwa, nafungua mimi, anamalizia yeye. Hivyo kila mtoto katika ule ukili ana mikono miwili, wa bibi aliyemzaa mzazi wake na wa bibi wa ukuta wa pili.

Msiniulize walifika wangapi. Watu hawahesabiwi kama mbuzi. Nitasema tu kwamba yupo anayesomea uuguzi, yupo mwenye bodaboda anayewabeba nusu ya walimu wa Ujiji, na yupo mmoja anapiga mpira hata wazee msikitini wanamjadili baada ya swala. Hao ni wangu. Wake nao si haba.

Mwanzoni tulishona. Nataka mlijue hili. Tulipopata ukili wa watoto watatu wa kwanza tulichukua shazia, tukazungusha mizunguko ya mwanzo, ikatoka duara ndogo kama kifuniko cha chungu. Ilikuwa nzuri. Ililala chini kama maji.

Wiki ileile binti mkubwa wa mwenzangu mimba ikatoka.

Wanawake wa mtaa walikuja kumpa pole. Mmoja wao, mtu mzima, akaikuta ile duara imetundikwa ukutani. Akaigeuza, akaangalia tulivyoishona, akatuuliza taratibu, "Mnafunga mkeka, na ndani ya nyumba kuna tumbo?"

Sidhani hata alikusudia kutulaumu, alikuwa anaongea tu kama watu wanavyoongea msibani. Lakini yale maneno yalitukaa, kana kwamba shazia yetu ndiyo iliyofunga lile tumbo. Mwenzangu alinitazama, nikamtazama. Wageni walipoondoka tulikaa uani, yeye anakata uzi, mimi navuta, tukafumua mzunguko mmoja mmoja mpaka ukili ukarudi kuwa ukili. Tukauviringisha robota. Tukakubaliana: hatushoni tena mpaka matumbo yote ya nyumba zetu mbili yamalize kuzaa.

Mwaka uliofuata binti yake alijifungua mtoto wa kiume, mnene, ana sauti kama ya honi ya meli. Basi. Nani angebishana na mtoto anayelia? Tangu hapo ikawa sheria.

Kisha mume wake akarithi michikichi Ilagala, wakahama. Siku wanapakia vitu mimi nilijifanya nina homa. Sikutoka. Aligonga ukuta kwa mwiko mara ya mwisho, na mimi nikagonga kwa ngumi, ndiyo ikawa kwaheri yetu.

Robota likaanza kusafiri. Wanawake wanaoleta mawese Ujiji walilibeba juu ya madumu, na wakirudi wanarudi nalo. Mtoto akizaliwa kwangu natia chane rangi, nachemsha, naanika, namtumia pamoja na robota. Anafungua, anasuka pima yake, ananirudishia. Lilikuwa linakuja linanuka mawese na moshi wa samaki, nami nikilifungua najua kwanza harufu ya jikoni kwake kabla sijaona kazi yake. Baadaye simu zikaja, tukawa tunatukanana hewani.

"Shoga, chane umeniachia fupi kama mkia wa mbuzi, nishike wapi?"

"Shika kwa meno, unayo bado?"

"Ninayo kukuzidi!"

Tulizungumza rangi. Tulizungumza nani ana mimba na nani anaficha mimba. Kitu kimoja hatukuzungumza, kwa sababu hatukukijua. Tulipokaa uani pamoja, alikuwa kila siku ananiambia legeza, nami kila siku namwambia kaza. Kwa kugombezana kule mikono yetu ilikutana katikati, ukili ukawa mmoja. Alipohama hakuna wa kunigombeza. Mkono wangu ukarudi kwenye asili yake, ukakaza. Wake nao ukalegea. Tofauti ya pima moja ni ndogo, huioni. Na robota halisemi kitu. Ukili ukiwa umeviringishwa wote unaonekana sawa. Ni mpaka uushone, ubavu wa huyu ukutane na ubavu wa yule, ndipo utajua kwamba mmoja anavuta na mwingine anasukuma.

Tungekuwa tunashona kidogo kidogo tungeona mapema. Tungepigiana simu: we bibi, kaza. Kazi ya neno moja.

Macho yake yalianza kwa kujikwaa. Alijikwaa kwenye kuku, akajikwaa kwenye ndoo, akasema Ilagala watu wanaacha vitu hovyo. Halafu akamkosa mjukuu wake aliyesimama pembeni yake, akamwita kwa kelele na mtoto yupo hapo hapo. Walimleta hospitali Kigoma, akafikia kwangu. Aliporudi kutoka kwa daktari alikaa kitini akasema kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani.

"Presha ya macho. Dawa ni ya kuzuia tu. Kilichokwenda kimekwenda."

"Unaonaje sasa hivi?"

"Kama nimechungulia kwenye bomba. Nakuona pua. Mashavu sijui umeyapeleka wapi."

Nilicheka, naye akacheka, halafu akaniambia jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote.

"Ule mkeka nataka niuone umetandikwa. Mara moja tu. Nisimame mbali, nisimame mlangoni, niuone wote, watoto wote. Halafu hayo macho yaende yanakotaka."

Nikamwambia tushone kesho. Shazia ninayo, ukili upo, hata leo tuanze.

Wakati huo mkwe wangu, mke wa kitinda mimba wangu, alipita na ndoo ya maji. Ni fundi cherehani, mtoto wa watu mwenye adabu, na alikuwa amekaa miaka bila kushika mimba. Walihangaika yeye na mwanangu, wamezunguka hospitali na kwa masheikh. Sasa alikuwa nayo, imeanza kuonekana. Mwenzangu alimsikia hatua zake, akageuza kichwa mpaka lile bomba lake likalipata tumbo.

"Na huyu?" akaniuliza polepole.

Na mimi nikalitazama lile tumbo.

"Tusubiri ajifungue," akasema. Alisema yeye, mwenye macho yanayokwisha. "Siwezi kuona mkeka kwa gharama ya mtoto wako. Miezi michache siyo mingi. Nitayabembeleza."

Nikasema sawa. Lilikuwa neno jepesi kutoka mdomoni, na nimekuwa nikilitafuna tangu hapo.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, na paji la uso ni langu, mtu asinibishie. Tukampa manjano. Nilizitia chane rangi mwenyewe nikazituma Ilagala, kwa sababu ni mjukuu wangu, lazima mwenzangu afungue. Akafungua. Robota liliporudi pima yake ilikuwa imesukwa vizuri, haina kosa hata moja, nikafurahi nikasema macho yamekubali kubembelezwa. Sikufikiri kwamba kusuka hakuhitaji macho.

Nikamalizia pima yangu. Tukangoja arobaini ya mtoto. Arobaini ilipokwisha mvua zilikuwa zimekolea, barabara ya Ilagala ni tope, ziwa nalo limechafuka, na mguu wangu ukavimba. Nilikuwa nikipiga simu nasema nakuja, nakuja. Anasema njoo, niko.

Nilipofika, na robota mgongoni kama mtoto, na mkwe wangu nyuma yangu na mtoto wa kweli, mwenzangu alikuwa amekaa barazani anachambua mchicha. Nilisimama mbele yake nikanyamaza, kwa utani, nione atanipokeaje. Akaendelea kuchambua. Akasema, "Nani amesimama hapo ananizibia upepo?"

Nikajua tumechelewa.

"Mimi, mwenzio."

"Karibu. Umenenepa, hatua zako nzito." Akanyoosha mikono, siyo kwangu, kwenye robota. Alilipapasa. "Tushone," akasema. "Hata hivyo tushone."

Tulishona uani kwake. Mimi na mkwe wangu tulishika shazia, yeye akakaa na robota anatulishia ukili, anaugeuza upande unaotakiwa kwa vidole. Katikati palitoka pazuri, palepale pa zamani, pamelala kama maji. Kisha tukafika kwa mtoto wa kwanza aliyezaliwa baada ya yeye kuhama. Mkwe wangu alivuta uzi, ukili ukakataa kulala. Akavuta tena. Aliinua macho akanitazama. Nikamkunjia uso anyamaze. Tukaendelea, mzunguko juu ya mzunguko, na kila mzunguko ule mgongo unakua.

Jioni moja mkwe wangu alinifuata kisimani.

"Mama, hivi hautakaa sawa. Dawa yake ni kuukata. Pima za mama mkubwa tuzishone peke yake, za kwako peke yake. Mikeka miwili, yote italala."

"Kila mtoto ana pima yake na pima yangu," nikamwambia. "Unataka nimkate nani katikati? Nianze na wa kwako?"

Akajitwisha ndoo yake. Halafu akaniuliza, "Lakini mama, kwa nini hamkuushona tangu zamani?"

Nikamweleza. Tumbo la binti wa mwenzangu, lile neno la msibani, na kwamba mara ya mwisho tuliahirisha kwa ajili yake yeye. Alisimama na ndoo kichwani, maji yanamwagikia usoni hayapangusi.

"Kwa ajili yangu? Mama, mngeniuliza. Mimi nisingejali. Ningekaa hapo hapo nikawatungia uzi."

Hakuna mtu aliyemuuliza. Tulilitazama tumbo lake kama mali ya nyumba, tukapita.

Siku tulipomaliza, tuliutandika uani. Ulienea kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye kichanja cha vyombo. Rangi zilizunguka kutoka katikati, zambarau, kijani, nyekundu ya damu, nyekundu ya matofali, nyeusi ya tope, mpaka manjano ukingoni. Na kibiongo chake.

Mwenzangu alikwenda kusimama mlangoni. Palepale alipokuwa amesema angesimama. Akashika mwimo wa mlango.

"Umelala?"

"Umelala," nikasema.

Mkwe wangu akainamisha kichwa. Mwenzangu akavua kandambili, akaomba mkono, nikampeleka hadi katikati. Nikamwachia. Akaanza kutembea kuzunguka, kidole gumba cha mguu kinafuata mshono kama mtu anayesoma.

"Hapa tuko Ujiji," akasema. "Bado tuko Ujiji. Huyu ni wako wa bodaboda. Huyu ni wangu wa sauti ya honi. Bado Ujiji." Akasimama. Mguu ulikuwa umefika pale panapoanza kuinuka. Akaukanyaga mgongo, ukashuka, ukatokea nyuma ya kisigino chake. "Hapa nimehama."

Nikavua kandambili zangu, nikamfuata.

"Mwongo mkubwa wewe. Umelala!" Akacheka, akakaa chini juu ya kibiongo chenyewe, akaanza kupapasa ukili, huku na huku. "Huyu mimi. Huyu wewe. Loo! Ulikuwa unakaza hivi? Ulikuwa umemkasirikia nani?"

"Wewe. Ulihama."

"Si ungesema?"

"Na wewe mbona umelegea hivi? Angalia, kidole kinapita."

"Mume wangu alikuwa anaumwa. Nilikuwa nasuka huku namsikiliza anavyohema."

"Si ungesema?"

"Ningesema kwa nani, kwa madumu ya mawese?"

Nikakaa ubavuni kwake. Miaka yote ile tulikuwa tunatumiana barua ambayo kila mmoja wetu anaisuka na hakuna anayeisoma. Nilimweleza shauri la mkwe wangu la kukata. Akatikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Oya," akasema, hapana kwa Kiha changu, kunikejeli. "Uache na nundu yake. Peleka kwako Ujiji. Wajukuu wanapita kwako zaidi, na kwangu giza ni lile lile." Kisha akasema, "Nitajie rangi."

Nikaanza kutoka katikati. Akanikatiza, "Usiseme rangi peke yake, sema na mtoto." Nikataja rangi na mtoto, rangi na mtoto, naye anaitikia kila mmoja kama anavyoitikia mtu anayebisha hodi. Alizijua zote. Nyekundu ya matofali alisema aliipenda, kijani alisema niliichemsha kupita kiasi ikafifia. Zote alikuwa ameziona zikipita mikononi mwake, pima kwa pima.

Tukafika ukingoni. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake, mdomo wazi.

"Na huyu manjano," nikasema.

Hakuitikia. Alishika ukili wa mwisho kwa vidole viwili, pale mkono wake unapoishia na wangu unapoanza.

"Hii niliisuka, sikuiona," akasema. "Ni manjano gani?"

"Manjano tu."

"Manjano ziko nyingi, we Muha. Kama kiini cha yai? Kama ndizi?"

Nilitazama kwa bidii, nikijua sasa natazama kwa ajili ya watu wawili. Nilitaka nipate neno lenyewe, nisimpe lingine la uongo.

"Kama mawese," nikamwambia. "Siyo ya moto, yale mekundu. Yale ya asubuhi ya baridi, yakiganda kwenye dumu."

Aliyajua hayo. Ameishi nayo. Alifumba macho, sijui kwa nini, maana kufumba au kufumbua kwake kulikuwa sawa.

"Nzuri," akasema. "Ningependa kuiona hiyo."